Mafunzo ya vijana yaanze na waliokosa shule

Mimi ni fundi cherehani hapa Pongwe, Tanga, kando ya barabara iendayo Segera. Nashona sare za shule, magauni na madera, na mwezi wa Ramadhani ukielekea ukingoni nashona kanzu usiku na mchana. Kibarazani kwangu hawakosekani mabinti wanaojifunza. Wengi hawakumaliza sekondari. Wapo walioishia darasa la saba, wapo waliotolewa kidato cha pili kwa sababu ya mimba, na wapo waliobaki nyumbani kuuguza mzazi mpaka shule ikawasahau. Ninaandika kwa ajili yao. Kila mwaka nchi hii inatenga fedha ya umma kwa jina la kijana, na katika hawa waliopita mikononi mwangu, anayeihitaji zaidi fedha hiyo ndiye anayekwama mlangoni.

Ninachotaka kusema ni hiki. Serikali inapoamua nani ana sifa ya kuingia kwenye mafunzo ya bure au kupewa mtaji, ianze na aliyepungukiwa. Leo tunaanza na mwenye karatasi. Mwenye cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, simu ya kisasa na mjomba mjini anajaza fomu jioni moja. Asiye na vitu hivyo hafiki hata kwenye orodha ya waliokataliwa, kwa hiyo hakuna takwimu inayomhesabu wala ofisi inayojua kwamba alitaka.

Mipango ipo, na mingine naiheshimu sana. Tangu mwaka wa fedha 2016/17 kuna Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanzia Ofisi ya Waziri Mkuu. Ndani yake kuna mafunzo ya uanagenzi, ambayo serikali hulipia ada ya kijana akajifunze ushonaji, uashi, umeme, useremala au ufundi wa magari. Kuna mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu wa vyuo. Kuna pia urasimishaji wa ujuzi, nami nitaurudia huu kwa sababu ndio ninaoupenda kuliko yote. Upande wa kilimo kuna BBT, Jenga Kesho Iliyo Bora, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2023. Na katika kila halmashauri kuna ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo sheria imeitenga kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Novemba 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliliweka suala la vijana katika wizara yake yenyewe, chini ya Ofisi ya Rais, akamkabidhi Joel Nanauka. Huu ndio wakati wa kuzungumza vigezo, kabla wizara mpya haijazoea vigezo vya zamani.

Nianze na binti mmoja, ambaye jina lake silitaji. Ana watoto wawili. Alikuja kwangu hajui hata kuingiza uzi kwenye sindano ya cherehani, na sasa anakata gauni la solo kwa kukuangalia tu, akikupima ni kuthibitisha. Nguo aliyoshona haijawahi kurudishwa. Siku moja alikuja na tangazo kwenye simu ya kaka yake: mafunzo ya ushonaji, ada inalipwa na serikali, cheti kinatolewa. Alitaka cheti. Mwenye cheti anaweza kuomba zabuni ya sare za shule, anaweza kuajiriwa kiwandani, anaweza kuaminiwa na benki. Nikamwambia nenda mwanangu, Mungu akutangulie.

Kwenye ofisi aliyokwenda alipokewa vizuri, na hilo nalisema kwa haki. Kijana aliyekuwa mezani alimwita dada, akamkalisha, akamsomea orodha. Nakala ya cheti cha kuzaliwa. Namba ya NIDA. Nakala ya cheti cha shule. Barua ya serikali ya mtaa yenye picha na mhuri. Anwani ya barua pepe. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa, naye alifika Jumatano. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kushona.

Cheti cha kuzaliwa hana, kwa sababu alizaliwa nyumbani kwenye kambi ya mkonge na mkunga alikuwa bibi yake. Cheti cha shule hana, kwa sababu hakufika kwenye mtihani. Namba ya NIDA alikuwa ameiomba na hajaipata, na hapa lazima nieleze jambo ambalo msomaji wa Dodoma au Mwanza pengine halijui kuhusu mkoa wetu.

Tanga ilijengwa na mkonge, na mkonge ulikatwa na watu walioletwa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, kikazunguka Songea, Mbeya, Kigoma hadi ng'ambo ya mipaka kutafuta nguvu za kukata. Makambi yakajaa watu wa kila kabila, wakiwemo Warundi na Wamakonde wa upande wa Msumbiji. Wakazaa hapa, wakazika hapa, wakasahau njia ya kurudi. Sasa mjukuu wao anakaa mbele ya fomu ya kitambulisho cha taifa inayomuuliza baba yako alizaliwa wapi, mama yako alizaliwa wapi, na yeye anachojua ni jina la kambi. Ongeza na mpaka wa Kenya, Horohoro si mbali, na maofisa wana sababu ya kuuliza maswali zaidi. Siwalaumu kwa kulinda uraia. Ila kigezo kinachomchukua kijana wa mahali pengine mwezi mmoja, kwa mtoto wa kambi ya mkonge kinaweza kumla miaka. Tangazo la siku chache haliwezi kumsubiri.

Yule binti alirudi kibarazani siku ileile, akaketi kwenye cherehani, akaendelea na kazi. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira.

Nikaanza kuuliza wenzangu. Mafundi wa kuchomelea walioko jirani na sisi, vijana wa kushusha mizigo, akina mama wanaopasua kokoto, mwenye duka la steshenari ambaye hulipwa kujazia watu fomu. Huyu wa steshenari alinieleza jambo ambalo limeniketi moyoni. Alisema wateja wake wa fomu za vijana ni walewale kila msimu: aliyeomba kilimo mwaka jana ndiye anayeomba uanagenzi mwaka huu na mkopo wa halmashauri mwakani, kwa kuwa nyaraka zake ziko tayari kwenye barua pepe. Sina nia ya kumkosea heshima kijana huyo. Naye hana kazi, naye ana njaa. Lakini mlango unaofunguliwa na nyaraka utamfungulia mwenye nyaraka mara tatu kabla haujamfungulia asiyenazo mara moja.

Tukumbuke BBT ilivyoanza. Waombaji walizidi elfu ishirini, waliochukuliwa awamu ya kwanza walikuwa 812. Maombi yalikuwa kwa mtandao. Nafasi zikiwa chache hivyo, mchujo hauepukiki, na kila mchujo una upande unaoegemea. Ukichuja kwa mtandao umemchagua mwenye simu na bando kabla hujasoma ombi hata moja. Kijana wa Kigombe au wa Maramba anayelima ekari mbili za baba yake kwa jembe la mkono, ambaye ndiye mkulima kweli, hakusikia habari mpaka zilipotangazwa redioni, waliochaguliwa wakiwa wameshafika makambini.

Sasa umri. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, na matangazo mengi ya mafunzo hufuata kipimo hicho. Ni kipimo cha Afrika nzima, kimo kwenye Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006. Umoja wa Mataifa katika takwimu zake unaishia miaka 24, kwa hiyo wapo watakaosema sisi tumeshakuwa wakarimu. Kwa mtu aliyesoma moja kwa moja bila kukatishwa, nakubali, 35 inatosha.

Ila mfikirie binti aliyezaliwa mwaka 1990. Mwaka 2006 akiwa kidato cha pili anapata mimba. Kanuni za kufukuza wanafunzi zilizotungwa mwaka 2002 zinaruhusu mwanafunzi aondolewe kwa kosa dhidi ya maadili, naye anaondolewa. Anajifungua, analea, anauza maandazi, anapasua kokoto. Miaka inakwenda. Juni 2017 anamsikia Rais wa nchi akitamka hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Novemba 2021 Wizara ya Elimu inatoa waraka, Waraka Namba 2, kwamba sasa wanaweza kurudi. Wakati huo yeye ana miaka 31 na mtoto wake ameshamaliza msingi. Mwaka 2025 anatimiza miaka 35. Mwaka unaofuata tangazo la mafunzo linapobandikwa, anaambiwa umri umepita.

Umri huo ulikwenda wapi? Miaka 15 katika ile 35 ilikwenda nyuma ya mlango ambao serikali yenyewe ndiyo iliyoufunga. Halafu serikali hiyohiyo inaihesabu miaka hiyo dhidi yake. Hili ni deni, na deni halifutwi kwa mdai kuzeeka. Mwanamke yeyote aliyetolewa shule kwa mimba kabla ya Novemba 2021 asiwekewe ukomo wa miaka 35 kwenye mafunzo ya ufundi yanayolipiwa na umma. Mtu mwenye akili zake timamu akinionyesha ubaya wa pendekezo hili nitamsikiliza, lakini bado sijakutana naye.

Tena ukomo wa umri si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. BBT yenyewe ilipotangaza nafasi za mwanzo ilikubali hadi miaka 40, kwa kuwa wizara iliona mkulima wa miaka 38 bado ana nguvu. Mwaka 2021 kanuni za mikopo ya asilimia kumi zilirekebishwa: kikundi cha vijana au wanawake kikatakiwa kuwa na watu watano badala ya kumi, na mtu mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake. Mtu aliketi ofisini, akaona kigezo kinaumiza, akakibadilisha. Kwa hiyo tusiambiwe vigezo havibadiliki.

Kuna sifa nyingine ambazo hazikuandikwa kwenye tangazo lolote, na hizo ndizo zinazowaangusha hata waliovuka zile zilizoandikwa. Ada inalipwa, ndiyo. Nauli ya kutoka Pongwe kwenda mjini na kurudi kila siku kwa miezi kadhaa hailipwi. Chakula cha mchana hakilipwi. Mtoto wa miaka miwili hana pa kuachwa. Nimeona mabinti wawili wakipata nafasi, tukawashangilia hapa kibarazani, na mmoja akaacha kabla ya mafunzo kuisha. Mama yake aliyekuwa akimlelea mtoto alirudi shambani msimu wa kupalilia. Kwenye kitabu cha chuo ameandikwa mtoro. Kwa hiyo sifa halisi ya kumaliza mafunzo ya bure ni kuwa na mtu wa kukulelea mtoto na mtu wa kukupa nauli, na mwenye watu hao kwa kawaida si yule maskini kuliko wote.

Majirani zetu Wakenya walijaribu kitu kingine, na ninaomba wizara mpya ikiangalie kwa makini. Kwa miaka kadhaa walikuwa na mradi wa ajira na fursa kwa vijana uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukijulikana kwa kifupi KYEOP. Ulikuwa wa vijana wa miaka 18 hadi 29 wasio na kazi, na elimu yao isizidi kidato cha nne. Isizidi. Mwenye diploma aliambiwa apishe. Mradi uliofuata, NYOTA, umeshika mkondo huohuo, na kwa kijana mwenye ulemavu umri ukasogezwa hadi 35. Upande wa Lungalunga, Kenya, binti kama huyu wangu asiyekuwa na cheti angekuwa ndiye hasa anayetafutwa. Ukivuka upande wa Horohoro anakuwa ndiye wa kwanza kuondolewa. Mradi wa Kenya ulikuwa na matatizo yake, na umri wa 29 kwangu ni mdogo mno. Ninachokichukua kwao ni ule uamuzi wa kuweka dari ya elimu mahali ambapo sisi huweka kizingiti.

Tusiwatupe wahitimu wa vyuo. Nina mpwa wangu mwenye shahada ambaye ameendesha bodaboda tangu amalize, na simtakii abaki hivyo. Wao wana mpango wao wa uzoefu wa kazi, upanuliwe, ulipwe vizuri. Lakini nafasi za ufundi stadi zinazolipiwa na serikali, nusu yake iwekwe kando kwa ajili ya wasiofika kidato cha nne, na nusu hiyo isiguswe hata kama waombaji wenye vyeti ni wengi kuliko. Ikibaki wazi, basi mwenye chuo atoke akawatafute kwenye machimbo ya kokoto na kwenye makambi. Wapo.

Nani analipia mambo haya? Ni swali ambalo watu wa ofisini hudhani mama wa sokoni halijui. Waajiri wa Tanzania Bara wenye wafanyakazi kumi na zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Pongwe ina viwanda, ina saruji, ina chokaa. Sehemu tu ya tozo hiyo ndiyo hufika kwenye vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Kijana anayepasua mawe kandokando ya viwanda hivyo ana haki ya kuuliza iliyobaki imekwenda wapi. Na ile asilimia kumi ya halmashauri inatoka kwenye mapato kama ushuru wa soko na leseni. Mama anayeuza dagaa na samaki wa kukaanga hulipa ushuru wake asubuhi kabla hajauza hata fungu moja. Binti yake akienda kuomba mkopo unaotokana na ushuru huo, anaambiwa alete katiba ya kikundi iliyochapwa, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki na andiko la mradi. Andiko la mradi! Mtu anayeuza mihogo ya kuchemsha anajua faida yake kwa senti, anaieleza kwa mdomo kwa ufasaha ambao benki ingeuonea wivu, lakini hawezi kuliandika. Inabidi amlipe mtu amwandikie, na andiko hilo linakuwa sawa na la kikundi kingine kwa sababu mwandishi ni mmoja.

Najua jibu. Wataniambia karatasi ziliwekwa ili kuzuia wizi, na kwamba Aprili 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwepo, hadi iliporejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni kweli. Lakini tujiulize vikundi hewa vile vilipitaje. Vilikuwa na katiba. Vilikuwa na muhtasari, na akaunti, na mihuri. Anayetaka kuiba ndiye mwenye faili lililonyooka kuliko wote, kwa sababu hana kazi nyingine ila kulinyoosha. Aliyekosa nyaraka hakuiba chochote, hakufika hata dirishani. Kumwongezea karatasi maskini kwa sababu ya mwizi aliyejua karatasi ni kumwadhibu asiyehusika.

Kinachomzuia mwizi ni macho ya watu. Hapa mtaani tunajuana. Tunajua nani anapasua mawe na nani amevaa nguo za vumbi siku ya ukaguzi tu. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF ulipoanza, majina ya kaya yalipitishwa kwenye mkutano wa wanajamii, watu wakasimama wakasema huyu anastahili, huyu ana nyumba ya kupangisha. Palikuwa na malalamiko, palikuwa na mwenyekiti aliyewakumbuka ndugu zake, hilo linajulikana. Lakini malalamiko yalikuwa na pa kusemewa, mbele ya watu, na jina liliweza kuondolewa. Kwenye fomu ya mtandao nani atasimama aseme huyu ana maduka mawili Ngamiani? Hakuna anayeona orodha mpaka imeshatoka.

Kwa hiyo barua ya utambulisho ya kijana asiye na vyeti itolewe na mkutano wa mtaa, si na mtu mmoja ofisini. Majina yasomwe kwa sauti. Yabandikwe kwenye ofisi ya mtaa, msikitini, kanisani na sokoni, yakae hapo wiki mbili, anayepinga apinge. Barua hiyo ikishatoka, itoshe kumwingiza kijana darasani, na kazi ya kumtafutia cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA iendelee akiwa anajifunza. Chuo kina miezi mizima ya kumsaidia kukamilisha nyaraka. Tangazo lina siku chache.

Nilisema nitaurudia urasimishaji wa ujuzi. Huu ni utaratibu ambao VETA humpima mtu aliyejifunza kazi kwa fundi mtaani, bila chuo, wakamtazama anavyofanya, wakaona anachojua na anachopungukiwa, wakamfundisha pale penye pengo, kisha wakampa cheti. Fundi ujenzi aliyejenga nyumba miaka kumi anapimwa kwa ukuta wake. Fundi magari anapimwa kwa injini. Kwangu huu ndio mlango wenye haki kuliko yote iliyowahi kufunguliwa katika nchi hii kwa mtu asiye na shule, kwa sababu swali lake la kwanza ni: unaweza? Yule binti wangu angesimama mbele ya mpimaji yeyote, akapewa kitambaa na mkasi, na kabla ya adhuhuri angekuwa na nguo mkononi.

Lakini mlango huu ni mwembamba na haujulikani. Mafundi wengi ninaowafahamu hawajawahi kuusikia, na waliousikia wanadhani ni wa mjini tu. Uongezwe fedha. Wapimaji watoke, wakae Pongwe wiki moja, waende Muheza, waende Mkinga, waende Pangani, wapime watu palepale wanapofanyia kazi. Na fundi anayewafundisha vijana kibarazani kwake atambuliwe kama mwalimu. Sisi tumekuwa chuo cha watu hawa miaka yote hii. Tunawapa cherehani wanapokuwa hawajui, wanatuharibia kitambaa cha mteja na tunalipa sisi, tunawafundisha mpaka wanaiva. Fedha ya uanagenzi ikipita kwa fundi wa mtaani aliyekaguliwa, binti hatahitaji nauli ya mjini, na mtoto wake atalala kwenye mkeka nyuma ya cherehani, kama wanavyolala watoto wengi hapa kwangu.

Kwa Ofisi ya Rais inayoshughulikia vijana, na kwa madiwani wa Jiji la Tanga ambao kura zetu tumewapa: kabla ya tangazo lijalo, kaeni chini mvipitie vigezo hivi kimoja kimoja. Kila kigezo kiulizwe kinamwondoa nani. Tangazo likae mtaani mwezi mzima, lisomwe na mwenyekiti kwa kipaza sauti, lisiishie kwenye mtandao. Nusu ya nafasi za ufundi iwe ya wasiofika kidato cha nne. Waliotolewa shule kwa mimba wasihesabiwe umri. Nauli na malezi ya mtoto viingie kwenye bajeti ya mafunzo kama ada ilivyoingia.

Na wewe mzazi mwenzangu unayesoma gazeti hili, kama nyumbani kwako kuna binti au kijana asiye na cheti cha kuzaliwa, anza kukifuatilia RITA wiki hii, nenda naye NIDA wewe mwenyewe, na mkutano wa mtaa ukiitishwa uende ukalitaje jina lake.